Mgomba Hauna Uso

Walinipa dakika tatu. Padri alisema tatu, akaniangalia kama mtu anayenifahamu vizuri, akarudia: tatu. Nilisimama mbele ya jeneza la Sista Perpetua mwaka jana, kanisa limejaa hadi kwenye ngazi, nikaanza kueleza jinsi alivyopenda karanga za kukaanga na jinsi alivyokuwa akinicheka kila nikiimba. Watu wakacheka, wengine wakafuta machozi, nikarudi kuketi. Nilipoketi ndipo hasira ikanipanda, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Karanga! Mwanamke aliyenifundisha kazi inayonilisha mpaka leo, na mimi nimeenda kumwagia watu karanga. Nilichotaka kusema hakingeenea kwenye dakika tatu, ndiyo maana nimekaa mezani kukiandika. Ni habari za mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na nilipomkosea mtoto mmoja kosa ambalo bado hunichoma nikiwa nachambua mboga.

Nilifika Busia nikitafuta kazi ya kufundisha chekechea. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kufichwa kuliko kuonyeshwa, kwa hiyo nilipoambiwa kuna mtawa kutoka upande wa Uganda, Sista Perpetua, anayetaka msichana wa kukaa na watoto, sikuuliza maswali mengi. Chumba chenyewe kilikuwa zamani stoo ya mahindi ya parokia, kando ya barabara iendayo Alupe. Hata baada ya kupakwa chokaa kiliendelea kunuka fukusi, na kila lori zito lilipopita, dirisha lilitetemeka na vumbi likashuka kutoka kwenye boriti. Katikati palikuwa na sanduku la mbao lisilo na mfuniko, limejaa mchanga wa mto Sio uliochekechwa. Ukutani rafu mbili: magari ya waya, vizibo vya soda, wanasesere wa nyuzi za mgomba, ngoma moja iliyopasuka, na kopo la vipande vya kalamu za rangi. Karatasi za kuchorea zilikuwa fomu za forodha zilizoharibika, ambazo karani mmoja mwema alituletea kwa mafungu. Upande mmoja umeandikwa uzito wa mzigo na nchi utokako, upande wa pili mtoto amechora nyumba inayoungua.

Maana hao ndio waliokuwa watoto wetu. Wengine walitoka kwenye mapigano ya mashamba, wengine walikuwa wameona ajali barabarani, mmoja alikuwa ameumwa na mbwa hadi akachukia viatu vyote vya rangi ya kahawia. Siku hizi kazi hii ya kuponya watoto kwa mchezo ina jina refu na vyeti, nami ninavyo viwili vimetundikwa sebuleni. Wakati ule ilikuwa stoo yenye mchanga. Siku ya kwanza niliingia na kijiti changu cha kuonyeshea herufi, Sista akanipokonya kwa upole akakitumia kukorogea chai. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kushtua kuku. "Nnyabo," akaniambia, kwani wanawake wote kwake walikuwa nnyabo, "hapa wewe hufundishi. Hapa mtoto ndiye dereva, wewe ni tanboi. Unashika mlango, unaangalia nyuma, basi. Kama hajiumizi na haumizi mwenzake, unamwacha." Niliitikia. Nilidhani nimeelewa.

Ajiambo aliletwa mwezi wa sita na nyanya yake, mfinyanzi wa vyungu kutoka upande wa Matayos, ambaye sisi sote tulimwita Kukhu kama mjukuu wake alivyokuwa akimwita. Msichana alikuwa na miaka saba. Babake, Wandera, alikuwa akivusha watu mpakani Malaba kwa baiskeli, boda boda za enzi hizo, keria ikiwa na kiti cha sponji kilichoshonewa kitambaa cha maua. Wawili hao waliishi peke yao kwenye chumba cha kupanga. Siku moja ya masika Wandera alikuwa na mzigo wa mtu na hakutaka kupita nao forodhani, akachukua njia ya panya, mzigo mbele, mtoto nyuma kwenye keria. Mto ulikuwa umefura. Ajiambo aliokotwa akiwa amekwama kwenye matete, akalazwa hospitali ya Alupe majuma matatu kwa ajili ya kifua. Baiskeli ilionekana siku mbili baadaye huko chini, kiti cha maua kikiwa bado kimefungwa. Wandera hakuonekana.

"Hii mtoto alikuwa anaongea mpaka unachoka," Kukhu alimwambia Sista siku hiyo, akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, miguu yake ina udongo mkavu mpaka kwenye vifundo. "Sasa ni kama redio imeisha betri. Hedimasta amesema Januari atamchukua darasa la kwanza, lakini aseme jina yake na jina ya baba, kama watoto wengine. Akishindwa, shangazi yake huko Tororo anataka mtoto wa kumsaidia kubeba mtoto. Nitampeleka. Nitafanya nini na mimi ni mzee?" Ajiambo alikuwa amesimama nyuma yake, nywele zimeota nyingi na kusokotana, akikodolea sakafu. Nilihesabu kwa vidole nilivyovificha mgongoni: mpaka Januari, miezi saba kasoro. Nikajiapiza kimyakimya kwamba mtoto huyu hatavushwa mpaka kwenda kubeba watoto wa watu. Ujana una kiburi, lakini nilimaanisha.

Walikuja kila Alhamisi. Kwa majuma manne Ajiambo hakufanya kingine ila kuchora mistari ya bluu nyuma ya fomu, karatasi baada ya karatasi, mpaka kalamu ya bluu ikaisha akaendelea kwa ya kijani. Nilishika mlango, nikaangalia nyuma. Juma la tano alisogea kwenye sanduku, akachimba mfereji, akaenda kwenye mtungi, akaleta maji kwa kikombe na kuyamimina. Yalipozama akaleta mengine. Nikamtazama Sista, naye akanikonyeza nitulie. Alhamisi iliyofuata Sista aliitwa nje na mgeni, nikabaki peke yangu na mtoto. Akachukua mwanasesere wa nyuzi za mgomba. Akachimba shimo kando ya mfereji, akamlaza chali, akamfukia, akapigapiga mchanga kwa kiganja, akaweka jani juu. Kisha akainuka, akajitwika mikono kichwani kama wanawake wafanyavyo msibani, akafungua kinywa wazi, na hakuna sauti iliyotoka.

Kwetu mtoto hachezi matanga. Utacheza arusi, utacheza soko, utacheza hata padri na komunyo ya majani, lakini ukicheza kuzika, mtu mzima yeyote aliye karibu atakuchapa, awe ni wako au si wako, kwa sababu mchezo huo huita kifo nyumbani. Sikufikiri. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukafukua, ukamnyakua yule mwanasesere. "Wacha! Mtoto hachezi matanga!" nikapaza sauti, sauti ya shangazi zangu wote kwa pamoja. Ajiambo aliutazama mkono wangu. Mkojo ukamtiririka miguuni, akaingia chini ya meza, na nilipoinama kumwomba msamaha alijikunja akageukia ukuta. Alhamisi iliyofuata alifika mlangoni akagoma. Kukhu alimvuta, Sista akasema aachwe. Akaketi kwenye ngazi ya nje, mgongo kwetu, na hapo ndipo alipokaa kila Alhamisi kwa miezi mitatu.

Jioni ya kosa lile Sista alinipakulia katogo, ndizi na maini kwenye rojo la karanga, sahani iliyojaa kupita kiasi, nami sikuigusa. "Uliogopa?" akaniuliza. Nikasema niliogopa. "Bambi, pole. Basi mlikuwa wawili mle ndani mnaogopa, na mkubwa ndiye alikimbia." Akala kidogo, akafuta kidole. "Ule mto umechukua maiti ya baba yake. Leo wewe umemnyang'anya mara ya pili. Kale, haya, sasa kula, chakula kinapoa." Hakuwahi kulitaja tena. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, wenye kupiga kelele na wenye kuandika barua za onyo, na hakuna hata mmoja aliyenirekebisha kwa maneno machache namna ile huku akinisukumia sahani.

Nilianza kukaa na Ajiambo kwenye ngazi. Nilileta karai la mchanga nikaliweka kati yetu, na kwa kuwa yeye hakuligusa, nikalicheza mimi. Nilijenga nyumba, nikapanda miti ya vijiti vya kiberiti, nikapitisha lori la waya. Akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao walinicheka. "Ticha, wenzako wamezaa, wewe unapika mchanga?" Nikawajibu kwamba mchanga hauombi pesa ya soda. Sikujua kama mtoto anasikia. Mara moja lori langu lilipinduka nikaliacha, na nilipogeuza uso nikachungulia kwa pembe ya jicho, niliona kidole chake kikilisimamisha. Nilishukuru Mungu kwa kidole kimoja. Lakini Oktoba iliisha, Novemba ikaingia, na Kukhu akaanza kuzungumza habari za basi la Tororo.

Jambo lenyewe nililisikia nikiwa jikoni, nikichambua omena. Kati ya jiko na ofisi ya Sista palikuwa na mbao tu, na mbao zile hazikuwahi kutunza siri ya mtu. Kukhu alikuwa akieleza jinsi walivyofanya msiba. Kwetu, aliyepotelea majini mwili wake usionekane, huzikwa mgomba mahali pake: hukatwa shina la ndizi lenye urefu wa mtu, likavishwa, likalazwa kaburini, likaliliwa. Walifanya hivyo Ajiambo akiwa bado hospitalini. "Siku ya tatu tulinyoa vichwa, boma yote," Kukhu alisema. "Yeye peke yake hatukumnyoa. Tulimwambia baba ameenda Kampala kutafuta kazi."

"Na yeye alisema nini?" Sista akauliza.

"Aseme nini na haongei?"

Sauti ya Kukhu ikashuka. "Wanaume ya boda waliona yote kutoka ng'ambo. Maji iliwachukua wote na baiskeli. Wandera akamtoa mtoto kwa keria, akamrusha kwa matete, na mikono yake yote mbili. Halafu hakukuwa na mkono ingine ya kushika kitu."

"Hayo umemwambia mtoto?"

"Nitamwambia aje, Sista, na baba yake yuko Kampala?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa maradhi yalifichwa na kilio pia kikafichwa, mtoto akaachwa kukitafuta peke yake ndani ya sanduku la mchanga, na mimi nikamfukulia. Niliiacha omena paka akaila. Niliingia ofisini bila kubisha, mikono inanuka, nikapiga magoti mbele ya Kukhu na kumweleza nilichofanya mwezi wa nane, mwanasesere na jani na mikono kichwani. Sikuwa nimewahi kumwambia. Nilitarajia anikasirikie, na labda ningefarijika.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Mtoto akicheza matanga anaita matanga. Hata mimi ningempiga."

"Lakini Kukhu, matanga ilishakuja," nikamwambia. "Yeye hakuita. Alikuwa hapo kwa maji. Alikuwa anajua hakuna Kampala. Alikuwa anazika baba yake, na hakuna mtu alimsaidia."

Kukhu alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, kucha zimeliwa na udongo. Akasema, "Hata mimi sijazika. Nililia mpaka sauti ikaisha, lakini nilikuwa nalilia mgomba. Mgomba hauna uso." Akalia pale pale, bila kujifunika, nami nikalia naye kwa sababu sikuwa na jingine la kumpa.

Alhamisi iliyofuata alikuja na udongo wake wa kufinyangia, umefungwa kwa majani ya ndizi ndani ya gunia bichi. Hakumweleza Ajiambo chochote. Aliketi ngazini karibu naye, akaanza kukanda, na mimi nikakaa mlangoni. Alifinyanga magurudumu mawili, akaunganisha kwa vijiti, akaweka usukani. Ikawa baiskeli, ya kupinda kidogo. Akaiweka chini akavuta ugoro. Ajiambo aliitazama. Akanyoosha mkono, akamega udongo, akaubandika nyuma ya baiskeli na kuulainisha kwa kidole gumba: keria. Akamega tena, akaweka juu yake kiti. Kisha akafinyanga mtu, na kipande kidogo kama harage ambacho alikikalisha nyuma ya yule mtu. Alivichukua vyote kwenye viganja, akainuka, akapita kando yangu, akavuka kizingiti na kuingia ndani.

Alichimba mfereji wake. Sista, aliyekuwa amesimama na mtungi, akammiminia maji. Baiskeli ikaingia mferejini na Ajiambo akaishikilia hapo katikati, udongo umeanza kulainika. Halafu ikatoka sauti, ya kukwaruza, nzito kuliko nilivyoitarajia kwa mtoto wa umri ule. "Niliachilia shati."

Kukhu alipiga magoti kando ya sanduku. "Si wewe uliachilia, mama," alimwambia, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wao. "Sikia. Baba alikutoa kwa keria. Na mikono mbili. Alikurusha kwa matete. Wanaume waliona. Mtu akishika mtoto na mikono mbili, baiskeli atashika na nini?"

"Hayuko Kampala."

"Hayuko Kampala. Nilikudanganya. Nilidhani utakufa pia nikikwambia. Alikufa kwa maji, mama. Tulizika mgomba."

Ajiambo alimtoa yule mtu majini, akampa nyanya yake. Kukhu akaelewa. Kwa ukucha wa kidole kidogo akamchora macho, akavuta pua pana, akafungua kinywa na kuacha mwanya kati ya meno mawili ya mbele, na alipouona mwanya ule wa mwanawe alitoa sauti niliyoisikia mara chache maishani. Wakamlaza pamoja. Ajiambo alimfukia mwenyewe, akapigapiga, akaweka jani, akajitwika mikono kichwani, na safari hii kilio kikatoka, cha mtu mzima na cha mtoto kwa pamoja, Kukhu akakipokea kwa wimbo wa kwao. Dereva mmoja aliyekuwa ameegesha lori barabarani alikuja dirishani kofia mkononi, akauliza ni nani amefariki. "Wandera," Sista akamjibu. "Baba ya Ajiambo." Yule bwana akasema pole, akasimama pale mpaka wimbo ukaisha.

Baadaye Sista alimtuma mtu dukani kuleta wembe mpya. Kukhu alimnyoa mjukuu wake kwenye ngazi ile ile, taratibu, mimi nikishika karai la maji, vishungi vya nywele za miezi minane vikianguka kwenye kanga. Alipomaliza, Ajiambo alipapasa kichwa chake pande zote. "Baridi," akasema. Nilimfunga leso yangu ya manjano na hakuwahi kuirudisha, wala sikuidai. Tulikula ugali wa mtama na mrenda sote wanne kwenye sinia moja, na mtoto aliongeza mara mbili.

Vijana ninaowafundisha sasa huniuliza nilitumia mbinu gani. Wanataka hatua, ya kwanza mpaka ya tano, waziandike. Huwaambia ukweli: sikutumia yoyote, niliharibu, na aliyetengeneza ni bibi mwenye gunia la udongo na mtoto aliyejua tangu mwanzo alichohitaji kufanya. Huwa hawapendi jibu hilo. Kisha huwauliza ni mchezo gani walikatazwa nyumbani wakiwa wadogo, na hapo kalamu huwekwa chini, na huo ndio wakati ninaoanza kuwapenda.

Januari niliwasindikiza shuleni. Sare ilikuwa kubwa ya kutosha watoto wawili, na nywele zilikuwa zimeanza kuota kama ukungu. Mwaka mzima sikuwa nimeogopa kama asubuhi ile. Nyumbani alikuwa ameanza kuongea, lakini kidogo, na kwa watu wachache, na hapa palikuwa na foleni ya wazazi na hedimasta mwenye miwani aliyechoka, mbele yake daftari kubwa. Kukhu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma. Zamu yetu ikafika.

"Jina?"

"Ajiambo," akasema, polepole lakini ikasikika.

"Jina la baba?"

Kukhu alifungua kinywa amsaidie, nami nikamvuta mkono.

"Wandera. Alikufa kwa maji."

Hedimasta akaacha kuandika, akavua miwani. "Pole sana, mtoto wangu," akasema. Akadhani yameisha, akainamia tena daftari lake, lakini Ajiambo alikuwa bado amesimama pale, mikono yote miwili imeshika ukingo wa meza, akingoja aangaliwe.

"Alinirusha mimi kwanza," akamwambia. "Andika."